Maisha ya Raja Rammohun Roy, Mtetezi wa Uhuru wa Dini na wa Kalamu

Kitabu cha kumbukumbu kama hiki kwa desturi huchapisha maisha ya mtakatifu au ya mfadhili. Safari hii tumemchagua mtu ambaye baadhi ya wazee wetu, walipolisikia jina lake, walinyamaza kidogo kabla ya kukubali. Rammohun Roy wa Bengal hakuinama mbele ya murti. Aliandika vitabu vingi kuwaeleza Wahindu wenzake kwamba Vedanta yamfundisha mwanadamu kumwabudu Mungu Mmoja asiye na umbo. Nasi humu hekaluni kila asubuhi twazivisha murti mavazi na mashada ya maua, twaziwashia taa na kuziimbia aarti. Basi kwa nini habari zake ziwekwe humu? Msomaji ataamua mwenyewe akifika mwisho. Nao majirani zetu Waislamu na Wakristo, ambao hutuheshimu kwa kuitikia mialiko yetu ya Diwali, wataona kwamba sehemu ya habari hizi ni yao pia.

Rammohun alizaliwa mwaka 1772, ingawa wengine husema 1774, katika kijiji cha Radhanagar, wilaya ya Hooghly. Ukoo wake ulikuwa wa Mabrahmani waliokuwa wamewatumikia watawala Waislamu wa Bengal kwa vizazi kadhaa. Baba yake, Ramakanta Roy, alikuwa mfuasi wa Vishnu. Mama yake, Tarini Devi, alitoka katika ukoo wa waabudu wa Shakti, na alipoolewa akaifuata ibada ya nyumba ya mumewe kwa bidii kubwa. Zama zile kijana aliyetaka kazi ya serikali alipaswa kujua Kiajemi, kwa kuwa ndiyo lugha ya mahakama na ya ofisi. Wasimulizi wa maisha yake husema kwamba alipelekwa Patna kujifunza Kiajemi na Kiarabu, akaisoma Kurani pamoja na maandishi ya masufi, kisha akaenda Benares kujifunza Kisanskriti na vitabu vitakatifu vya jadi yake. Kwa hiyo alipofikia utu uzima alikuwa na milango miwili ya elimu ya dini, na baadaye akajifungulia wa tatu alipojifunza Kiingereza, hata Kiebrania na Kigiriki, ili aisome Biblia katika lugha zake za asili.

Kitabu chake cha kwanza kilichapwa Murshidabad kati ya 1803 na 1804. Jina lake, Tuhfat-ul-Muwahhidin, halimpi shida msomaji wa Kiswahili: ni tunu kwa wale wanaompwekesha Mungu. Kitabu kiliandikwa na Mhindu, kwa Kiajemi, na dibaji yake ikawa ya Kiarabu. Humo alisema kwamba watu wa dini zote hurithi mengi kwa mazoea tu, na kwamba akili ni kipawa cha Mungu ambacho hakuna kuhani anayeweza kukifungia kabatini. Hakumsaza yeyote.

Kwa miaka kadhaa alifanya kazi katika idara ya mapato ya Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India, hasa huko Rangpur chini ya John Digby, na mapato ya ardhi yake yakampa uwezo wa kuacha utumishi akiwa bado na nguvu. Akahamia Calcutta. Mwaka 1815 akaanzisha Atmiya Sabha, yaani baraza la marafiki, lililokutana nyumbani kwake kusoma maandiko na kujadiliana. Katika miaka iliyofuata alitafsiri Vedanta na baadhi ya Upanishad kwa Kibengali na kwa Kiingereza. Jambo hili leo laonekana dogo. Wakati ule maandiko hayo yalikuwa mikononi mwa wachache waliojua Kisanskriti, na kuyatia katika lugha ya sokoni kulikuwa sawa na kuuchukua ufunguo wa ghala na kuutundika nje ya mlango. Mabishano yaliwaka. Wanavyuoni wa Kihindu waliandika vitabu vya kumpinga, naye akavijibu kimoja kimoja, akinukuu maandiko yale yale waliyoyanukuu.

Maumivu makubwa zaidi yalikuwa ya nyumbani. Mama yake hakukubali njia aliyoishika. Mwaka 1817 mtoto wa marehemu kaka yake alimfungulia kesi ya mali ya ukoo katika Mahakama Kuu ya Calcutta, na waandishi wengi wa maisha yake wanaamini kwamba nyuma ya kesi hiyo alikuwapo mama, aliyeona kwamba mwana aliyeiacha ibada ya wazazi hastahili urithi wao. Rammohun alishinda mwaka 1819. Ushindi dhidi ya mama haumfurahishi mtu. Inasimuliwa kwamba Tarini Devi mwishoni alikwenda Puri kulitumikia hekalu la Jagannath, akawa akifagia sakafu yake kama mtumishi wa kawaida hadi alipofariki. Na kwamba kabla ya kuondoka alimkiri mwanawe kuwa huenda yu katika haki, ila yeye ni mwanamke mzee asiyeweza kuziacha ibada zilizompa faraja maisha yake yote. Mimi niandikaye haya, kila nikifika hapa, huwa upande wa mama na upande wa mwana kwa wakati mmoja.

Walikuwapo waliofikiri kwamba mtu anayezikosoa desturi za Wahindu kwa ukali namna ile yumo njiani kwenda kubatizwa. Mwaka 1820 alitoa kitabu cha mafundisho ya Yesu, alichokikusanya kutoka katika Injili, akiacha masimulizi ya miujiza na mabishano ya itikadi, kwa kuwa aliona maadili yale ni hazina ya wanadamu wote. Wamisionari Wabaptisti wa Serampore, badala ya kushukuru, walighadhibika. Joshua Marshman aliandika kumlaumu, tena akaitwa mpagani, neno lililomchoma. Rammohun akajibu kwa maandishi mara mbili. Alipotaka kuchapa jibu la tatu, matbaa ya Wabaptisti iliyokuwa imechapa yale ya kwanza ikakataa. Hakwenda kulalamika kwa mtu. Akanunua herufi za risasi, akasimamisha matbaa yake mwenyewe, na jibu likatoka mwaka 1823.

Kisa kingine cha miaka hiyo kinastahili kukumbukwa na kila Mhindu. Mwaka 1821 gazeti la wamisionari lilichapisha makala ya kuyashambulia maandiko ya Kihindu na kuwaalika wenye majibu wayalete. Rammohun, yule yule aliyewatesa wanavyuoni wa Kihindu kwa maswali, akapeleka majibu ya kuyatetea. Mhariri hakukubali kuyachapa yote kama yalivyokuwa. Akaanzisha jarida lake ili yasomwe kamili. Humo alitofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Mhubiri anayekwenda peke yake mahali asipokuwa na mamlaka, akawaambia watu dini yao ina makosa, huyo ni shujaa hata kama hatukubaliani naye. Bali mhubiri anayeitukana dini ya taifa lililoshindwa vitani, huku bunduki za mshindi zikiwa nyuma yake, anautumia woga wa watu, wala hasemi na akili zao.

Mwishoni mwa mwaka huo huo alianza kutoa gazeti la Kibengali liitwalo Sambad Kaumudi, maana yake mbalamwezi ya habari. Mwezi Aprili 1822 likafuata la Kiajemi, Mirat-ul-Akhbar, kioo cha habari. Mmoja wa waliokuwa naye katika gazeti la Kibengali, Bhabani Charan Bandyopadhyay, hakuvumilia maoni yake juu ya desturi za jadi, akajitenga na kuanzisha lake, Samachar Chandrika. Wasomaji wetu wa Kigujarati wanajua samachar ni habari. Chandrika nayo ni mwanga wa mwezi. Basi Calcutta ikawa na mbalamwezi mbili, kila moja ikidai kwamba nyenzake yawaongoza watu gizani, na wananchi wakawa wanasoma zote mbili na kubishana barazani. Rammohun hakuona ubaya.

Ubaya ulitoka kwingine. Mwingereza mmoja, James Silk Buckingham, mhariri wa gazeti la Kiingereza, alimkejeli padri Mskochi aliyekuwa amepewa na serikali kazi ya kusimamia ununuzi wa karatasi na kalamu za ofisi. Kaimu Gavana Mkuu, John Adam, akamfukuza Buckingham nchini mapema mwaka 1823. Mwezi Machi ikatangazwa amri kwamba hakuna atakayetoa gazeti bila leseni ya serikali, na leseni hiyo serikali yaweza kuiondoa wakati wowote. Ili amri iwe sheria ilibidi isajiliwe na Mahakama Kuu. Watu sita wakapeleka ombi la kuizuia: Rammohun, Dwarkanath Tagore na wengine wanne wa jiji lile.

Ombi lile halikupiga kelele. Lilianza kwa kukumbusha utii wa watu wa Bengal na amani waliyokuwa nayo. Kisha likaeleza jambo ambalo mtawala yeyote wa mbali hulihitaji kuliko mtawaliwa: kwamba mfalme aliye ng'ambo ya bahari hana njia nyingine ya kujua makosa ya maofisa wake isipokuwa watu waruhusiwe kuyasema hadharani. Mwenye kuziba midomo hakomeshi malalamiko. Anajinyima tu habari zake. Tena elimu iliyokuwa imeanza kuenea kwa magazeti ya lugha za wenyeji ingekauka. Jaji Sir Francis Macnaghten alilikataa ombi. Wakakata rufaa hadi kwa Mfalme na Baraza lake kule London, nako, mwaka 1825, ikakataliwa.

Rammohun hakungoja jibu la London. Sheria iliposajiliwa mwezi Aprili 1823, alilifunga gazeti lake la Kiajemi. Sababu alizotoa ni za mtu aliyeijua ofisi ya serikali kutoka ndani: kwamba maskini asiyejuana na wakubwa atanyanyaswa na mabawabu kabla hajamfikia mwenye leseni, kwamba kwenda kuapishwa mahakamani mbele ya umati ni kujidhalilisha, na kwamba aliyekwisha kuinyenyekea leseni ataishi kwa hofu ya kunyang'anywa. Aliyewahi kusimama kwenye dirisha la ofisi akiwa na faili mkononi hahitaji maelezo zaidi.

Jambo lililompa umaarufu zaidi ni sati, yaani desturi ya mjane kuchomwa moto akiwa hai pamoja na maiti ya mumewe. Desturi hiyo haikuwa ya Wahindu wote, lakini Bengal ilikuwa imeenea: mwaka 1818 peke yake maofisa waliandika visa 839 katika jimbo hilo. Mwaka huo Rammohun alitoa kitabu chake cha kwanza cha kuipinga, kilichoandikwa kama mabishano ya watu wawili, akaonyesha kwamba maandiko hayamlazimishi mjane, na kwamba wanaomfunga kwa kamba juu ya kuni wanafanya mauaji na kuyaita ibada. Aliwakumbusha pia wanaume jinsi wanawake walivyonyimwa elimu kisha wakaitwa wajinga. Watu wake wakahofu kwamba atauawa njiani.

Lakini Gavana Mkuu, Lord William Bentinck, alipomwita mwaka 1829 na kumweleza nia yake ya kuipiga marufuku desturi hiyo kwa sheria, Rammohun alisita. Alishauri izimwe polepole, kwa masharti na usimamizi wa polisi. Hofu yake ilikuwa kwamba watu wangesema Waingereza waliahidi uhuru wa dini walipokuwa dhaifu, na sasa wakiwa na nguvu wameanza kuuvunja, na kesho watalazimisha dini yao. Mwenye kuchukia sati kuliko wote alikuwa bado anafikiria haki za wale wanaoitetea. Wapo wanaomlaumu kwa kusita huko, nami sioni kwamba lawama hiyo ni ya bure, maana kila mwezi wa kungoja ulikuwa na wajane wake. Bentinck hakungoja. Tarehe 4 Desemba 1829 sati ikawa kosa la jinai, na Rammohun, ambaye alikuwa amekwisha kutoa ushauri wake, akasimama na sheria ile kwa nguvu zote.

Wapinzani wakaunda Dharma Sabha mwezi Januari 1830, wakiongozwa na Radhakanta Deb pamoja na yule mhariri wa mbalamwezi ya pili. Wakaandika rufaa kwa Baraza la Mfalme wakisema kwamba uhuru wao wa dini umevunjwa. Hoja yao haikuwa ya kupuuzwa, na Rammohun hakuipuuza. Alijibu kwamba uhuru wa dini ni wa mwenye kuabudu juu ya nafsi yake, haumpi ruhusa juu ya mwili wa mwenzake. Hakuna mahali tunapomwona akiiomba serikali iwanyamazishe.

Siku zile zile za Januari alikuwa akikamilisha kazi nyingine. Mwaka 1828 alikuwa ameanzisha Brahmo Sabha, kusanyiko la kumwabudu Mungu Mmoja, na sasa lilipata nyumba yake katika barabara ya Chitpur, iliyofunguliwa tarehe 23 Januari 1830. Hati ya wakfu wa nyumba hiyo ndiyo iliyotufanya tumweke katika kitabu hiki. Iliagiza kwamba nyumba iwe wazi kwa watu wa kila namna bila ubaguzi, maadamu wanakuja kwa adabu. Iliagiza kwamba pasiwekwe ndani yake sanamu wala picha yoyote. Hapo mtu angetegemea maneno makali juu ya wenye sanamu. Badala yake hati iliendelea kuagiza kwamba katika mahubiri, sala na nyimbo za nyumba hiyo, kitu chochote ambacho watu wengine wanakiheshimu au kukiabudu kisitajwe kwa dharau. Aliyebishana na murti maisha yake yote aliziwekea heshima kwa hati ya kisheria, ndani ya nyumba ambayo hazikuruhusiwa kuingia. Mabishano aliyaacha magazetini na vitabuni, ambako anayeshambuliwa anaweza kujibu. Pale mahali pa sala, ambapo hakuna anayeweza kusimama na kujibu, aliyazuia.

Hakuwa mkamilifu. Katika Sabha hiyo hiyo Veda zilisomwa katika chumba cha pembeni walimoingia Mabrahmani tu, na yeye mwenyewe aliivaa janoi, ule uzi mtakatifu, mpaka siku ya kufa.

Tukumbuke pia kwamba hakuwapigania Wahindu peke yao. Sheria ya mwaka 1826 kuhusu wazee wa baraza mahakamani, yaani juri, iliruhusu Wakristo kuwahukumu Wahindu na Waislamu, lakini haikuruhusu Mhindu wala Mwislamu kumhukumu Mkristo. Rammohun aliongoza malalamiko kwa Bunge la Uingereza, yakatiwa saini na Wahindu na Waislamu kwa pamoja. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 1832.

Novemba 1830 alipanda meli iitwayo Albion kwenda Uingereza. Mfalme wa Delhi, Akbar wa Pili, alikuwa amempa cheo cha Raja na kumtuma ampelekee malalamiko yake. Naye Rammohun alikuwa na shabaha yake, kuhakikisha kwamba rufaa ya Dharma Sabha haifaulu. Mabrahmani wa siku zile waliona kuvuka bahari ni kujinajisi. Wazee wetu waliokuja pwani hii kwa majahazi waliufahamu vizuri uzito wa lawama hiyo. Alikwenda na wapishi wake ili asivunje miiko ya chakula.

Meli ilipotia nanga Cape Town mwezi Januari 1831, aliteleza kwenye ngazi akaumia mguu, na maumivu hayo yakamwandama muda mrefu. Lakini zilikuwapo bandarini meli mbili za Ufaransa zikipeperusha bendera ya rangi tatu. Miezi michache kabla yake, mfalme wa Ufaransa alikuwa ametoa amri za kuwafunga midomo wenye magazeti, na watu wa Paris wakamwondoa kitini. Rammohun, akichechemea, alitaka apelekwe kuzizuru meli hizo. Hapo palikuwa na watu waliopata kile alichonyimwa mahakamani Calcutta.

Alifika Liverpool mwezi Aprili. Julai 1832 alikuwapo London Baraza la Mfalme liliposikiliza rufaa ya sati na kuitupa. Mwaka uliofuata alikwenda Bristol kuwatembelea marafiki, akashikwa na homa kali ya ubongo, akafariki tarehe 27 Septemba 1833 katika nyumba iitwayo Stapleton Grove. Alikuwa ameomba asizikwe katika makaburi ya Wakristo, ili watu wa kwao wasipate hoja ya kuwanyima wanawe urithi. Kuchoma maiti hakukuwezekana kule. Basi rafiki zake Waingereza wakamzika chini ya miti ya bustani ya nyumba hiyo, kimya, bila sala ya dini yoyote, kwa kuwa hapakuwa na mwenye haki ya kumsalia.

Magazeti ya India yalifunguliwa minyororo mwaka 1835 na Charles Metcalfe, miaka miwili baada ya kifo chake. Dwarkanath Tagore, aliyetia saini lile ombi la 1823, aliiona siku hiyo. Baadaye naye akavuka bahari, na mwaka 1843 mwili wa rafiki yake ukahamishiwa makaburi ya Arnos Vale pale pale Bristol, akamjengea juu yake kibanda cha mawe chenye nguzo na kuba, mfano wa chhatri za nyumbani. Bado kipo, katikati ya misalaba, na kila mwaka ifikapo Septemba watu wa dini mbalimbali hukusanyika hapo kumkumbuka.